Mdogo wangu ana nafsi zaidi ya moja: nitumieje michoro yake kuelimisha watu bila kumwanika?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Kwa miaka mingi tuliambiwa ana mapepo. Ameombewa, amepelekwa kwa waganga mpaka Magu na Misungwi. Mwaka jana mtaalamu wa afya ya akili alitueleza kwamba ana ugonjwa wa kugawanyika kwa nafsi, na tangu aanze matibabu ana nafuu. Anachora sana. Michoro mingine hakumbuki kuichora, na mikono ni tofauti kabisa: mmoja unachora kama mtoto wa darasa la pili, mwingine unanishinda hata mimi. Nataka kufanya maonyesho tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, pamoja na igizo la wanafunzi wangu litakaloonyesha jinsi anavyobadilika, ili watu waelewe kwamba si mapepo. Niliweka mchoro mmoja kwenye stetasi ya WhatsApp, watu wakaupenda sana, ingawa mdogo wangu hakusema nami siku mbili. Baba mkubwa amekasirika, anasema tunamwanika binti. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hizo siku mbili.

Umezitaja kwa kupita tu, lakini nimesoma ujumbe wako mara tatu na kila mara nasimama hapo. Huenda yule unayekaa naye mezani jioni siye aliyeuchora mchoro ule. Huenda ni ile sehemu yake unayoieleza kama mtoto wa darasa la pili, na ilichora ikiamini kwamba karatasi hiyo haiguswi na mtu. Ugonjwa huu kwa kawaida huanzia pale mkubwa anapojichukulia kwa mtoto kisicho chake, bila kuuliza, tena na tena. Mtu aliyepitia hayo akikuta mchoro wake kwenye simu za watu asiowajua, haoni sifa. Anaona jambo alilolizoea tangu utotoni. Najua hukukusudia hivyo, na ndiyo maana nakuambia waziwazi. Mkae wawili, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Nilichukua mchoro bila kuuliza. Nimekosea, sitarudia. Naomba radhi kwako na kwa kila aliye ndani anayenisikia." Usione aibu kusema hayo maneno ya mwisho. Mara nyingi nafsi nyingine husikia hata pale ambapo si yenyewe inayozungumza.

Nieleze kidogo ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mkikosea hapo, kila picha itakayofuata itakosea.

Bila shaka umewahi kumwona bibi akitengeneza mkeka. Husuka kwanza ukili, ule mkanda mrefu mwembamba wa ukindu. Ukili peke yake huwezi kuulalia. Unakuwa mkeka pale mikanda inaposhonwa mmoja kwa mwingine, taratibu, mpaka usione tena mshono. Nafsi ya mtoto mdogo iko hivyo. Yule anayecheka, yule anayelia, yule anayemwogopa baba na yule anayemkimbilia baba bado ni mikanda mbalimbali. Miaka ndiyo inayoishona, pamoja na mikono ya wanaomlea. Sasa mkono unaomlisha ukiwa ndio huohuo unaomuumiza usiku, na hana pa kukimbilia, akili yake hufanya jambo la kumwokoa: inaiacha mikanda bila kuishona. Mmoja huenda shule asubuhi akiwa hajui lolote. Mwingine hubeba usiku. Mwingine hubeba hasira ambayo ingemponza kama ingeonekana. Mtoto anaishi, anafaulu mitihani, anachekwa na wenzake kwamba ni msahaulifu. Malipo yanakuja ukubwani.

Ndiyo maana mimi sisemi nafsi "imevunjika". Mkeka huo haukuwahi kushonwa, basi. Na matibabu kwa sehemu kubwa ni kushona, kwa mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu anayeaminika. Hakuna kidonge cha ugonjwa huu. Dawa anazopewa mgonjwa huwa ni za mambo yanayoambatana nao, kama sonona au kukosa usingizi.

Jina lake limebadilika. Mfaransa Pierre Janet aliandika juu ya akili kujigawa kwa sababu ya maumivu tangu mwaka 1889. Kwa muda mrefu katika karne iliyopita ugonjwa uliitwa wa "haiba nyingi", na mwaka 1994 Wamarekani wakaubadilisha jina kuwa huu wa kugawanyika kwa nafsi, wakieleza kwamba hatuna watu wengi ndani ya mwili mmoja, tuna mtu mmoja ambaye sehemu zake hazijaungana. Hilo liandike kwa herufi kubwa katika maonyesho yako. Liandike pia kwamba hii siyo skizofrenia, ambao ni ugonjwa mwingine wa akili, kwani watu huzichanganya kila siku. Na ukiulizwa ni wangapi, makadirio yanayotumika sana ni mtu mmoja au zaidi kidogo kati ya kila 100, ingawa hesabu hizo zimetoka nchi za mbali na kwa watu wachache waliopimwa.

Wapo wataalamu wenye mashaka, wanaosema wagonjwa wengine huumbiwa nafsi hizo na maswali ya daktari au na filamu. Mjadala huo upo na sitakuficha. Ila mwaka 2012 mtafiti Simone Reinders na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo na vya mapigo ya moyo vya wenye ugonjwa huu, wakavilinganisha na vya watu wenye afya njema walioombwa kuigiza kubadilika nafsi. Waigizaji hawakuweza kuiga yaliyotokea mwilini mwa wagonjwa. Mimi, kwa niliyoyaona katika chumba changu cha kazi, sina shaka kwamba mateso ni ya kweli.

Tuje kwenye igizo lako. Naomba usilifanye. Angalau si kwa namna ulivyolipanga.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuandaa igizo kama hilo kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, siku ya soko. Msichana aliyeshika nafasi kuu alikuwa na kipaji kikubwa. Alitetemeka, akaanguka, akainuka na sauti ya mtoto, kisha akageuka na sauti nzito ya kiume. Kabla hajamaliza, kina mama wawili walikuwa wameshapiga magoti, mmoja anakemea kwa nguvu. Tulipowauliza watazamaji wameona nini, jibu lilikuwa moja: mapepo. Wiki sita tulizotumia kutayarisha somo la kwamba si mapepo ziliwatuma watu nyumbani wakiwa na uhakika zaidi kwamba ni mapepo. Msichana wetu naye, kwa miezi, hakuweza kununua fungu la nyanya pale sokoni bila kuulizwa kama ameshafunguliwa. Mpaka leo nikikutana naye namwomba radhi. Kosa lilikuwa letu sisi waandaaji, na lilikuwa kosa la kuchagua picha.

Watu wa huku kwetu wameshaona mwili ukibadilika. Wameuona kwenye mkesha wa maombi. Wameuona kwa bafumu, waganga wa Kisukuma, pale masamva, mizimu ya ukoo, yanapompanda mtu. Wameuona shuleni, bweni zima la wasichana likianguka kwa siku moja. Jicho lao lina jina tayari, na jina hilo linafika kabla ya maelezo yako. Ukiwaonyesha kubadilika, umewapa kile walichokuwa nacho.

Tena usifanye maonyesho ya kushindana na imani za watu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 unasema wazi kwamba katika baadhi ya jamii ugonjwa huu hujitokeza kwa sura ya kupagawa. Na ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022, haukiiti ugonjwa kile kinachofanyika kwa utaratibu wa dini au mila inayokubalika. Mimi huwaeleza wazee hivi: katika ngoma, roho inaitwa, inakuja, watu wanaijua kwa jina, inaaga, na mwenyewe anarudi nyumbani na heshima yake. Mtu kama binti yenu hakuna aliyemwitia kitu. Anajikuta yuko Buzuruga stendi saa nane mchana, hajui amefikaje, na kesho yake anafukuzwa kazi. Mzee akishaiona tofauti hiyo, hulazimiki kumnyang'anya imani yake. Wengi huniambia, "Basi huyu apelekwe hospitali, na maombi yaendelee." Mimi nakubali bila kusitasita.

Kwa hiyo uonyeshe nini? Onyesha muda uliopotea.

Mwanamke mmoja niliyemhudumia ameniruhusu kusimulia hili, na mengine yote juu yake nimeyabadilisha. Aliniambia kilichomtisha kuliko vyote haikuwa sauti kichwani. Ilikuwa tiketi ya kivuko cha Kamanga. Aliikuta mfukoni mwa sketi alipokuwa anataka kufua. Viatu mlangoni vilikuwa na matope yaliyokauka. Alikuwa amevuka ziwa akarudi, amelipa nauli, pengine amesalimiana na watu, na hakumbuki hata upepo wa maji. Alikaa kitandani na ile tiketi mkononi mpaka giza likaingia, akijiuliza ng'ambo kule alikwenda kwa nani, na kama huyo mtu yuko salama.

Mpe mtu wa Mwanza tiketi hiyo. Nani hapa hajawahi kuvuka? Kila mmoja anaijua foleni ya kivuko, anajua alikaa upande gani, alinunua karanga au hakununua. Mwambie: hebu fikiria una tiketi hii na huna safari. Hapo hakuna atakayekemea. Atanyamaza, halafu atauliza swali, na swali hilo ndilo unalolitafuta.

Ukilishika hilo, kazi za wanafunzi wako zitajileta zenyewe. Kalenda ya ukutani ambayo baadhi ya siku zimekatwa kwa wembe, ukuta unaonekana nyuma yake. Kikapu kimerudi kutoka Kirumba Mwaloni kimejaa vitu ambavyo mwenye kikapu hali. Daftari moja lenye miandiko mitatu, wa kwanza ukiuliza, "Nani amekata nywele zangu?" na hakuna aliyejibu. Kitambaa cha amerikani cha mita nne kilichopakwa rangi ya ziwa usiku wa giza: ukisimama Capri Point usiku wa namna hiyo, taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana kama mji mzima, lakini aliye ndani ya mtumbwi mmoja haoni mji wowote, anaona taa yake, nyavu zake, na maji meusi. Wachore hicho. Mtazamaji akiwa mlangoni aone mji, akisogea aone mtumbwi mmoja na mtu mmoja asiyejua kwamba wengine wapo. Sijui njia bora zaidi ya kueleza hali hii kwa mtu aliyekulia pwani ya ziwa hili.

Viko vitu ningewakataza. Uso uliopasuliwa nusu mweusi nusu mweupe, kioo kilichopasuka, mtu mwenye vichwa vitano, kisu. Picha hizo zimetoka kwenye filamu zinazomfanya mgonjwa kuwa muuaji, wakati ukweli ni kwamba wanaoishi na hali hii hujiumiza wao wenyewe, au huumizwa na wengine, kuliko wanavyoumiza mtu. Hata vinyago vya Kimakonde uwe mwangalifu navyo. Kile cha ujamaa, watu wengi waliobebana katika gogo moja, kinafaa sana. Nimekitumia mwenyewe kuwaeleza wazazi. Cha mtindo wa shetani kiache dukani, maana kitakurudisha kulekule kwenye mwalo wetu.

Sasa michoro ya mdogo wako yenyewe. Hili ni zito kuliko igizo.

Kuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa na ugonjwa huu, Chris Costner Sizemore, aliyezaliwa mwaka 1927. Madaktari wake waliandika habari zake kwa jina la kubuni, na mwaka 1957 Hollywood ikatengeneza filamu iliyozunguka dunia. Mwisho wa filamu amepona. Yeye mwenyewe alikuja kujitokeza hadharani miaka ya 1970, akaeleza kwamba hakuwa amepona wakati ule; nafsi ziliendelea kujitokeza mpaka zikazidi 20. Dunia nzima ilikuwa imeshamaliza hadithi yake, naye bado yuko katikati. Alikuwa mchoraji, na alitumia miaka mingi baadaye akizungumza kwa mdomo wake juu ya afya ya akili, mpaka alipofariki mwaka 2016. Mtu alifanywa somo na watu wenye nia njema, na ilimgharimu miongo miwili kulirudisha somo hilo mikononi mwake.

Mwingine ni Kim Noble wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1960. Hakusomea uchoraji. Alianza miaka ya 2000, akiwa na msaada wa mtaalamu wa tiba kwa sanaa, na zaidi ya nafsi 12 kati ya zake huchora, kila moja kwa mtindo wake. Moja huchora jangwa, nyingine huchora mateso ya watoto kwa namna inayoumiza kuitazama. Kazi zake zimeonyeshwa mara nyingi. Lakini angalia: anaonyesha mwenyewe. Haonyeshwi na kaka.

Nafasi yako basi ni ipi? Ni ya kubeba fremu, kutafuta chumba na kusubiri jibu. Muulize mdogo wako kama anataka michoro yake ionekane, na akubali au akatae bila wewe kukunja uso. Wengi walio katika matibabu hutumia daftari la pamoja, ambamo kila nafsi huandika kwa zamu yake. Kama analo, mwombe aliweke swali humo na aliache wiki mbili au tatu. Mmoja akisema ndiyo na mwingine akichora mstari mkali juu ya ukurasa, jibu ni hapana kwa mchoro huo. Usimtafute yule anayekubali ili umpitishie jambo. Wagonjwa wangu wananiambia hicho ndicho kinachowauma kuliko vyote: mtu anayejifunza kuita nafsi inayomfaa yeye. Na ruhusa inaweza kurudishwa hata asubuhi ya siku yenyewe. Uwe na kitu kingine tayari cha kutundika kwenye msumari huo.

Michoro inayoonyesha kilichofanywa, mahali kilipofanywa, au aliyekifanya, haitoki nje ya chumba cha matibabu. Hapo sina mjadala. Matibabu huwa na hatua tatu: kwanza usalama na utulivu, kisha kuzigusa kumbukumbu, mwisho kujenga maisha mapya. Mwaka mmoja ni mfupi. Bila shaka bado yuko hatua ya kwanza, na kuzitundika kumbukumbu hizo mbele ya watu ni kumrusha kwenye hatua ya pili bila kamba. Mwongozo wa Marekani niliokwisha kuutaja unaeleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanaotibiwa ugonjwa huu wakiwa nyumbani wamewahi kujaribu kujiua. Sikuandikii haya nikutishe. Nataka ujue kwa nini hutaamua tarehe ya maonyesho kabla ya mtaalamu wake kukubali.

Kama atakubali kutoa michoro miwili au mitatu, ichanganye na kazi za wengine na usiweke jina. Mwanza ni jiji, lakini ukisema "binti mmoja wa Igoma mwenye kaka mwalimu wa sanaa" umeshamtaja.

Kuhusu mahali, najua utashawishika kutafuta uwanja mkubwa kama Furahisha. Wewe kama umefika Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, unajua vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinavyoshindana: anayevuta umati ndiye mshindi. Ni sheria nzuri kwa ngoma. Kwa jambo hili itakuharibia, kwa sababu kinachovuta umati ni kile cha kutetemeka na kuanguka. Tafuta darasa, au ukumbi mdogo wa maktaba. Ingiza watu kumi kumi. Simu zibaki mlangoni. Kibali ukazungumze na afisa utamaduni wa halmashauri mapema, na shuleni mkuu wako apate barua.

Halafu uwe tayari kwa jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011, uligundua kwamba takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7 hapa Tanzania walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Piga hesabu ya watu kumi utakaowaingiza chumbani. Wengi wao hawana nafsi zilizogawanyika na hawatakuwa nazo, lakini kuna atakayesimama mbele ya ile kalenda iliyokatwa na kuanza kulia, na kuna mwanafunzi wako mwenyewe ambaye, katikati ya kupaka rangi, atakuambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Siku hiyo usimhoji. Usimwambie "una uhakika?" Mwambie umemsikia na kwamba hana kosa, usimwahidi kutunza siri usiyoweza kuitunza, na umfikishe kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Iandike kubwa karibu na mlango wa kutokea. Na wanaohitaji kuonana na mtaalamu wa akili waelekezwe hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, wasiachwe wakitafuta wenyewe.

Nimekukatalia igizo, lakini sikusudii kukuondolea wanafunzi wako jukwaa. Mkoa huu una historia katika jambo hili. Mwaka 1982 na 1983, Malya, kule Kwimba, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi na wanakijiji wakatumia ngoma na maigizo kuzungumzia mimba za wasichana waliokuwa shuleni. Hawakuja na somo tayari. Wanakijiji wenyewe walisema tatizo ni nini, wakalitungia mchezo, kisha wakajadiliana waziwazi mbele ya wazee. Chukua njia hiyo. Wape wanafunzi ile tiketi ya kivuko. Waache watunge mchezo wa dakika kumi juu ya familia inayomlaumu binti kwa uongo kila anaposema "sikumbuki", mpaka mtu mmoja nyumbani, labda bibi, anapoamua kumwamini. Binti habadiliki jukwaani hata mara moja. Anasahau tu, na anapigwa kwa kusahau. Mchezo ukifika hapo usimamishe na uwaulize watazamaji: ungekuwa wewe ni bibi, ungemwambia nini? Nakuhakikishia watu wazima watagombea kujibu.

Namalizia na baba mkubwa. Anakuudhi, nimeona, lakini neno lake la "kumwanika" ni sahihi kwa ule mchoro wa stetasi, na mwambie hivyo. Mzee akisikia kijana amekiri, hulegea. Kisha muulize yeye anakumbuka nini juu ya binti alipokuwa na miaka minne, mitano. Usimshtaki, usimchunguze, muulize tu kuhusu mtoto. Wazee wengi waliokaa mbele yangu wakipinga kwa ukali walikuwa wanalinda kitu walichowahi kukiona wakanyamaza. Wengine hawakujua lolote, na ukali wao ulikuwa ni woga wa aibu ya ukoo. Hutajua yeye ni yupi mpaka ukae naye. Na kama mdogo wako hataki baba mkubwa awepo siku ya maonyesho, hilo nalo ni jibu, lifuate bila kudai sababu.

Chumbani humo weka kiti kimoja karibu na mlango, na pembeni yake maji ya kunywa na kanga ya kujifunika kwa atakayehitaji. Mtu aliyezoea kusikiliza akae hapo toka asubuhi hadi jioni, asizungushwe kugawa vipeperushi wala kupokea wageni. Mkishakubaliana tarehe, wewe, mdogo wako na mtaalamu wake, nijulishe mwezi mmoja kabla. Kiti hicho nitakikalia mimi.